Nilipokwenda kuvua Makurunge

Wadau, kimya changu cha wiki nzima kina sababu: nilikwenda kuvua samaki. Najua mtacheka. Mtoto wa Sinza, anayemjua samaki akiwa kikaangoni tu, leo kashika ndoano?

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nasoma habari za Wamarekani wanaovua samaki aitwaye steelhead. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kuzaa, wengine katikati ya baridi kali. Wavuvi wake wana kanuni ya mto mgeni: usitupe ndoano ovyo, tazama maji kwanza. Tafuta pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia, maana samaki hupumzika kwenye utulivu huku akisubiri mkondo umletee chakula. Nikasema, mto ni mto.

Jumamosi alfajiri nikapanda gari hadi Bagamoyo, kisha bodaboda hadi Makurunge. Eneo lile liko kati ya mito miwili, Ruvu kusini na Wami kaskazini. Wami ukikaribia bahari unaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na hifadhini huruhusiwi kuvua bila kibali. Nikachagua Ruvu.

Nikatembea ukingoni mpaka nikapata mahali ambapo ungedhani wale Wamarekani walipachora wao. Mto umepinda, maji ya ndani yametulia, mti umetoa kivuli, na mbele yangu mteremko wa tope laini kama umepigwa msasa. Nikachuchumaa, nikaanza kufunga chubwi.

"Kijana, hapo unamsubiri nani?"

Alikuwa mzee mwenye ufito begani na kidumu cha nyungunyungu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Toka hapo kwanza, tutasalimiana baadaye."

Nikatoka. Akanionyesha ule mteremko. Tumbo la mamba ndilo lililousugua hivyo, akipanda kuota jua na kushuka. "Samaki wapo hapo, hujakosea. Lakini na mwenzako anajua kuwa wapo."

Wadau, miguu iliniisha nguvu. Nikakumbuka habari moja niliyoihariri miaka michache nyuma, ya mtu aliyeuawa na mamba kando ya mto mmoja. Niliipunguza ikawa mistari minne, nikaisukuma chini ya ukurasa, nikaenda kunywa chai.

Mzee akanifundisha. Ukifika mto usioujua, alisema, uliza kwanza kina mama wanachota maji wapi na wapi wameacha kuchota. Halafu tazama rangi ya maji. Ruvu unatoka milima ya Uluguru. Mvua ikinyesha huko, Makurunge hakuna hata wingu, lakini baada ya siku kadhaa maji yanapanda na kuwa ya tope. Mto ukifurika, kambale huingia mabondeni kuzaa. Maji yakianza kupungua, hurudi mtoni kwa vijito. Hapo ndipo pa kumngoja, kwenye mdomo wa kijito, lakini ukae juu ya genge, mbali na maji, na mshipi wako uwe mrefu. Samaki akikwama kwenye mizizi, kata mshipi. Usimfuate.

Tulikaa kwenye mdomo wa kijito hadi saa nane. Nyungunyungu kwa kambale, kidonge cha ugali kwa perege. Nilipata kambale wawili na perege mmoja mdogo. Kambale mkubwa nilimpa mzee, akampokea bila kubisha, kama mtu anayepokea ada yake.

Njiani kurudi nilikuwa nawaza. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu ilijengwa mwaka 1959, ya Ruvu Chini mwaka 1976, na kwa miaka yote hiyo Dar es Salaam imekuwa ikinywa maji ya mto huu. Kumbe mto niliouita mgeni nimekuwa nikiunywa tangu utotoni. Nisichokijua ni watu wanaokaa kandokando yake.

Kanuni ya Wamarekani ni ya kweli, samaki walikuwepo palepale. Ila wao hawana mamba, na mimi sikuwa nimemuuliza mtu.

Ndiyo maana ile mistari minne bado inanisumbua. Sikuuliza hata marehemu alikuwa amefuata nini pale mtoni, wala kama kulikuwa na mahali pengine pa kuchota maji.