Manning au Leaf

Siku hizi ukimtaja Ryan Leaf mbele ya mshabiki wa futiboli ya Kimarekani, hata hujamaliza sentensi utaambiwa kila mtu alijua ni galasa. Huniuma. Sisi tuliofuatilia ligi ya NFL mwaka 1998 tunakumbuka ubishi ulivyokuwa mkali. Indianapolis Colts, wenye zamu ya kwanza ya kuchagua vijana kutoka vyuoni, wamchukue Peyton Manning au Leaf? Wote walikuwa makwotabeki, waongozaji wa mashambulizi; Manning akisifiwa akili, Leaf mkono wenye nguvu. San Diego Chargers walitoa zamu mbili za raundi ya kwanza, moja ya raundi ya pili na wachezaji wawili, ili tu wapande kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili, wampate yule atakayebaki. Nani hutoa mali yote hiyo kwa ajili ya galasa?

Na tulikuwa tumemwona akicheza. Januari mosi mwaka ule aliiongoza Washington State kwenye Rose Bowl, mechi ambayo chuo chake kilikuwa hakijaicheza kwa miaka 67. Walifungwa na Michigan 21–16. Miongoni mwa wachezaji wa akiba wa Michigan alikuwapo Tom Brady, gwiji wa baadaye ambaye wakati ule hatukuwa na habari naye.

Mwaka 2000 Brady alichaguliwa wa 199. New England Patriots, wanaosifiwa leo kwa jicho kali, walitaja majina mengine sita kabla ya lake. Akapata namba Septemba 2001, baada ya Drew Bledsoe, kwotabeki wao wa kwanza, kugongwa na mpinzani Mo Lewis hadi akavuja damu kifuani. Pigo lile skauti gani aliliona mapema?

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walipopekua chaguzi za NFL za miaka mingi, waligundua kuwa anayetajwa mbele ya mwenzake anayemfuata wa nafasi ile ile humzidi kama mara 52 tu katika 100.

Leaf alishinda mechi 4 kati ya 21 alizoanza. Aliyemchagua kwa niaba ya Chargers, Bobby Beathard, ndiye aliyekijenga kikosi cha NFL cha Washington kilichotwaa ubingwa miaka ya 1980. Mwaka 2018 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji, nami nikafurahi sana: waliopiga kura walihesabu kazi yake yote, hawakuishia kwenye ile Aprili ya kumchagua Leaf.