Pora Niliyemlea Mwenyewe

Kwa miaka 34 niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba kuku dume anayekaribia ukubwa, lakini hajaanza kuwika, huitwa pora. Kila mwaka walicheka, wakidhani jina hilo latokana na kitendo cha kupora. Nami kila mwaka niliwakanya wasichanganye maneno kwa kuwa tu yanafanana kwa sauti.

Nilipostaafu, kideri kiliingia bandani mwangu kikaua kuku wote, akasalia kifaranga mmoja. Nilimlea sebuleni ndani ya boksi, nikamlisha chenga za mchele kiganjani. Alinifuata kila niendako. Akawa pora; nikamnunulia mitetea watatu. Siku alipowika mara ya kwanza nilijivuna kama mzazi. Wiki ile ile alinirukia miguuni, akanitoa damu.

Nilifanya nilichozoea kazini: nilishika fimbo. Kila nilipomchapa alirudi na ukali zaidi, manyoya ya shingo yamemsimama, bawa moja likiburura chini. Nilimwita jeuri na mtovu wa shukrani. Bibi mmoja jirani, mfugaji wa siku nyingi, alinisahihisha.

“Mwalimu, kuku aliyekua na wenziwe humwogopa mtu. Huyu hakukua na kuku. Wewe ndiye jogoo mwenziwe. Ukimpiga, umekubali ugomvi. Ukimkimbia, ameshinda.”

Nikaiweka fimbo. Kila asubuhi nilimbana kwapani taratibu, kiganja kikiwa mgongoni mwake, hadi atulie, ndipo nikamwachia. Nilipopita uani sikurudi nyuma wala sikumtishia. Nikaongeza mitetea wakafika wanane, kwani wale watatu alikwisha kuwachubua migongo kwa kuwapanda mno. Baada ya mwezi mmoja alinipisha njia, nami nikadhani nimefuzu.

Kumbe alikuwa amenizoea mimi tu. Mjukuu wangu wa miaka minne alipokuja likizo, alimrukia usoni. Kikwara, ule ukucha wa nyuma ya mguu, kilimchana chini ya jicho, upana wa kidole tu kutoka kwenye mboni. Jioni ile nilimchinja. Sikuweza kumla.

“Babu, alikuwa mbaya?” mtoto aliniuliza, bandeji shavuni.

Nilimjibu kwamba nilimlea vibaya. Yalikuwa maneno mepesi kuyatamka mbele ya mtoto, lakini usiku yalinirudia. Niliwakumbuka vijana niliowaita watukutu, nikawachapa, bila kuuliza hata siku moja nani aliwalea, na kwa upweke gani.

Mtetea mmoja alikuwa ameatamia mayai ya jogoo yule. Yameanguliwa saba. Asubuhi huwamwagia chenga chini, kisha naondoka. Kiganjani simchukui hata mmoja. Mama yao yupo, na ndiye awafundishe ukuku.