Joto na Halijoto

Yapo maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku twayachanganya bila hasara: joto na halijoto. Joto ni nishati ihamayo. Halijoto ni kipimo kisomwacho kwa nyuzi. Kwa miaka mingi nilifundisha tofauti hiyo kwa Kiingereza, kama sera ya shule zetu za sekondari ilivyotaka. Januari iliyopita, mjini Leicester, nililazimika kuieleza kwa Kiswahili.

Nilikwenda kumwuguza binti yangu aliyejifungua. Nyumba yao, kama nyingi za Uingereza, hupashwa moto na boila ya gesi: maji hupata moto, pampu huyasukuma katika rejeta za ukutani, nayo hurudi yamepoa. Boila ile iliwaka dakika mbili, ikazima, ikawaka tena, mchana kutwa. Chumba cha mtoto hakikupita nyuzi 14, ilhali ushauri wa huko ni 16 hadi 20.

“Mama, boila inaonyesha nyuzi 75. Mbona tunaganda?”

“Mwanangu, hiyo ni halijoto ya maji, si joto lililofika chumbani.”

Mkwe wangu alikwisha kuanza kuulizia bei ya boila mpya. Nikamwomba tuifuate kwanza njia ya maji. Joto likikosa pa kutokea, maji yaliyo karibu na moto hupanda halijoto upesi, na boila hujizima kana kwamba kazi imekwisha. Rejeta nne zilikuwa zimefungwa ili kubana matumizi, tukazifungua. Ya chumba cha mtoto ilikuwa na moto chini na baridi juu, dalili ya hewa. Tulizima boila, tukangoja ipoe, tukalegeza skrubu ya rejeta kwa ufunguo wake hadi hewa ikaisha na maji yakachungulia. Kanieneo (tazameni neno lilivyoundwa, kani na eneo) lilikuwa chini ya 1 kwenye kipimo. Mkwe akaongeza maji hadi kati ya 1 na 1.5. Mwisho tukashusha halijoto ya maji ya rejeta hadi nyuzi 60. Kifuniko cha boila hatukukigusa, kwani mambo ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa.

Jioni boila iliwaka nusu saa mfululizo, kwa moto mdogo. Binti yangu akasema, “Sasa inawaka. Jana ilikuwa ikiwakawaka tu.”

Hakuna aliyemfundisha urudufu huo. Kuwakawaka, kama kusomasoma, ni kitendo kirudiwacho pasipo kutimia, na neno hilo moja lilitaja ugonjwa wote wa mashine ile. Rejeta, vali na pampu tumeyakopa, wala si aibu. Ila nawakumbuka wanafunzi wangu waliokariri fasili za joto katika lugha ya kigeni, kisha wakatoka nje na kulieleza jiko la mkaa kwa usahihi kuliko walivyoandika katika mtihani.

Usiku ule mjukuu wangu alilala katika nyuzi 18.