Kadi ya Bibi Anayo Nani?

Leo hatuzungumzii mishono wala hina, ingawa habari yenyewe ilianzia kwenye mshono.

Sisi ni watatu tunaoshona duka moja. Kabla ya Ramadhani tuliletewa oda ya sare za harusi, madera 11, na bibi mmoja mtu mzima sana akaletwa kupimwa. Tulipompitishia futi tukaona amepungua inchi 4 tangu dera la mwaka uliopita. Tukamtania, "Bibi, hiyo pensheni unanunulia halua tu, huli wali?"

Akasema kadi yake hajaiona siku nyingi. Anayo mke wa mpwa wake, ndiye anayekaa naye. Yeye mwisho wa mwezi hupewa sabuni na majani ya chai. Kisha akashusha sauti: "Na juzi nimetiwa kidole kwenye karatasi, wanangu. Nimeambiwa ya pensheni."

Tuseme kweli, kilichotujia mwanzo si huruma. Mke wa mpwa ndiye mwenye oda, na alikuwa hajamaliza kulipa. Tukanyamaza siku 3. Tukajiambia mambo ya watu hayo, bibi ana watu wake. Mmoja wetu akauliza, angekuwa mama yetu je? Hapo hakuna aliyeweza kushona.

Pensheni Jamii ilianza hapa Zanzibar Aprili 2016, kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alifanya kazi serikalini au aliuza mandazi maisha yake yote. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni haki yake yeye mwenyewe, si posho ya anayemtunza. Tunajua kumuuguza mzee ni kazi nzito, na anayeifanya anastahili kusaidiwa na ukoo mzima, lakini hajilipi mwenyewe kwa siri. Na tangu 2020 tuna sheria ya mambo ya wazee, inayowalinda na kunyanyaswa na kutupwa. Wengi wetu tunaijua Suratul Israa inavyosema juu ya wazazi. Hiyo sheria hatukuwa tumeisikia.

Tukampeleka bibi kwa msaidizi wa sheria wa shehia yetu. Hakutoza kitu. Alimuuliza bibi, wala si sisi: nani alikusomea? Mashahidi walikuwa nani? Ulipewa nakala? Yote hapana. Karatasi ilipotafutwa ikaonekana ni ya uwakala, inampa mpwa ruhusa ya kuiuza nyumba.

Tulidhani yamekwisha. Kumbe uwakala si hiba. Maadamu mzee yu hai na akili zake timamu, anaweza kuuvunja. Hiba nayo haikamiliki kwa kidole tu: lazima mwenyewe atoe kwa ridhaa, apokee anayepewa, na mali ikabidhiwe. Na wasia hauvuki theluthi moja, wala haumwendei mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Mambo haya tulisoma madrasa tukiwa wadogo, tukayahifadhi kama mashairi.

Ikaandikwa karatasi nyingine ya kuuvunja uwakala, bibi akasomewa polepole mara mbili mbele ya mashahidi, nakala moja ikabaki kwa sheha. Nyumba haijauzwa. Mpwa hasemi nasi. Mkewe alikuja kuchukua vitambaa vyake, madera 6 tukiwa tumeshayakata, na salio hatukulipwa. Hasara ile tuliihisi, msidhani tulitabasamu.

Bi harusi unayekwenda kukaa na mama mkwe au nyanya wa mume wako, uliza mapema, tena mbele ya watu, kadi yake anayo nani na fedha zake zinakwendaje. Ukipewa wewe uishike, mhesabie mbele ya mtu mwingine. Itakuokoa na wewe pia siku ukisingiziwa.

Bibi bado anakaa nyumbani kwake, na mjukuu wa dada yake amehamia. Siku ya malipo huenda wote wawili. Dera lake tumemshonea bure, tukamtilia mfuko wa ndani wenye zipu. Alilalamika kwamba zipu ni ngumu, tukaibadilisha.