Ungeniomba

Mchezo wangu wa kwanza wa kuigiza ulinigharimu wali maharage wa kila mchana. Mama ntilie mmoja wa Buguruni alikuwa akinilisha kwa mali kauli, nami huku natafuna, masikio wazi. Siku moja akasimulia jinsi mumewe alivyomkimbia na kumwachia madeni ya watu. Nikayabeba maneno yake vile vile, nikamvisha mhusika wangu, tukaonyesha mtaani. Mteja wake mmoja alikuwepo. Kesho yake mama hakunitukana. Alisema tu: “Mwanangu, ungeniomba.” Sahani hakunyima, mimi ndiye niliyeshindwa kukaa pale benchini.

Sasa naandaa mchezo wa makonda wa daladala, na safari hii mpango umetangulia. Zamani nilidhani utafiti ni mambo ya wasomi wa Mlimani na hojaji zao. Kisha nikasoma habari za Kamiriithu, kule Limuru. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwapa wanakijiji rasimu ya Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yakafanywa hadharani, wakulima na vibarua wakirekebisha maneno na nyimbo. Ulionyeshwa wiki chache tu, serikali ikafuta kibali. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong’o akakamatwa. Washikaji wanapenda kusimulia kule kukamatwa. Mimi kilichonikaa ni yale mazoezi.

Basi nina swali moja: konda akikosa hesabu ya tajiri jioni, nani analala njaa? Napanda gari la alfajiri na la mwisho usiku. Simu haitoki mfukoni, maana konda akijua anarekodiwa anaanza kuongea kama mtangazaji wa redio! Nikishuka naandika upesi: ukurasa wa kushoto nilichosikia, na tarehe, wa kulia ninachokizua mwenyewe. Chini ya kila kisa naandika jibu la mwenyewe: ndiyo, hapana, au badilisha. Rasimu wataisikia kwanza wao, kijiweni, kabla ya waigizaji.

Konda mmoja ameshasema hapana. Kisa chake ndicho kilichokuwa kinabeba onyesho la tatu. Nimekitoa, na pengo lipo, linaonekana.

Jumamosi nakwenda Buguruni, pesa ya deni mkononi, nikamsomee mama ule mchezo wa kwanza.