Bei ya Chumba

Mama alinipa daftari na kalamu. "Wewe si ndiyo mwandishi? Haya, kaniandikie wenzetu wanapangisha bei gani."

Nyumba yetu ipo Manzese, zile za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, choo uani. Babu aliijenga kwa miti na udongo, matofali yakaja baadaye. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, hakuna aliyetutupia jicho. Tunakaa vyumba viwili, vinne tumepangisha. Mabati yameoza, na masika yakija tunapanga masufuria sakafuni.

Lakini utaulizaje bei? Ukijitambulisha kuwa nawe una vyumba, watu wanakutajia bei ya kujitutumua. Basi nikajifanya natafuta chumba. Nikavuka daraja, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, nikamshika dalali asiyenijua. Hajanyanyua hata mguu, anataka 5,000 ya kunizungusha. Na nikipata chumba, kodi ya mwezi mmoja ni yake.

Jamani! Chumba kisicho na dari, 40,000. Chenye marumaru na jipsamu, 70,000, ya miezi sita mkononi. Ukisogea kituo cha mwendokasi inapanda tena. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016, kila mwenye nyumba anajua idadi ya hatua za kufika kituoni. Luku ya kushea, maji ya kuchangia. Nami naandika tu, naona utamu. Kumbe sisi tunapokea nusu ya wenzetu! Kichwani nilikwishaezeka paa zima.

Tunarudi darajani, nasikia naitwa. Mama Zai, mpangaji wetu, mwaka wa 11 sasa. Anapika chapati pale. Anatulipa 25,000, mara nyingine kwa mafungu. Alimtazama dalali, akanitazama mimi na daftari langu.

"Mwanangu, umegombana na mama yako?"

Dalali akadakia, "Kijana anatafuta chumba, mama."

Mama Zai akanivuta kando, akanifungia chapati mbili kwenye gazeti. "Usihame kwa hasira. Bei za huku zinaua. Mimi mwenyewe nisingekuwa pale kwa mama yako, saa hizi ningesharudi Kilosa na watoto."

Nikafungua mdomo, maneno hakuna. Eti ndiyo mwandishi huyo. Chapati nilizila njiani, za moto, na daftari nimelibana kwapani kama mtu aliyeiba.

Jioni mama alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Alirudia ile ya 70,000 mara mbili.

"Na cha Mama Zai tukiweke ngapi?"

"Hicho sijapata cha kulinganisha nacho," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akatazama dari, pale penye doa la maji, akalifunga daftari na kuliweka chini ya mto wake.