Gumzo la Mvua na Mchicha

Aghalabu wasomi huyapuuza mazungumzo ya marafiki kuhusu watoto, bustani na hali ya hewa, wakiyaona porojo za kupitishia wakati. Mwaka 1923, mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alibainisha kuwa mazungumzo ya aina hii huwaunganisha watu zaidi ya kuwapasha habari. Hata hivyo, kauli hiyo haitoshi kuieleza hali ya Kenya.

Rafiki aliye Mombasa anapomwandikia mwenziwe wa Kitui, "Huko mmepata mvua?", anauliza iwapo mbaazi zimetoa maua, iwapo karo itapatikana, iwapo mama mzazi anakula. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipokosa mvua ya kutosha, jibu fupi la "bado" lilikuwa zito kuliko barua. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, swali hilohilo liligeuka kuwa: je, mngali hai?

Ndiyo maana rafiki mwungwana hamkabili mwenzake kwa swali la njaa. Humuulizia mvua, akamwachia nafasi ya kujisetiri. Naye mwenye dhiki hujibu, "Tunashukuru. Sukuma wiki imekauka kidogo." Mwenye kuijua lugha hulisikia hilo "kidogo", akatuma alicho nacho bila kuombwa.

Mtafiti atakayeyanukuu maneno hayo pasi na kukisikiliza kimya kilichoyazunguka atakuwa amekusanya maganda, akaziacha kunde shambani.